Edelweiss uliongezwa Boston, na raha nyingine za kusoma vitabu vya maigizo ya muziki

Ule wimbo Kapteni von Trapp anauimba na gitaa kwenye igizo la muziki la The Sound of Music, Edelweiss, watu kibao wanaamini ni wimbo wa kale wa Austria, wa mababu wa huko milimani, wengine wanadhani ndo wimbo wao wa taifa. Kumbe umetungwa 1959 na Wamarekani wawili, muziki Richard Rodgers, maneno Oscar Hammerstein, na shoo ilipoanza haukuwepo kabisa. Uliongezwa wakati wako Boston wanaijaribisha kwa watazamaji kabla ya kuipeleka New York, wakaona Kapteni anakosa kitu cha kuimba pale anapoiaga nchi yake, halafu Theodore Bikel aliyekuwa Kapteni jukwaani gitaa alikuwa analipiga mwenyewe na analipiga vizuri, basi wakamtungia wimbo mwepesi wa kuimba na gitaa lake. Hammerstein wakati huo anaumwa kansa ya tumbo. Agosti 1960 akafariki. Edelweiss ndo wimbo wa mwisho aliouandika maishani mwake.

Ukishalijua hilo huwezi tena kuusikia ule wimbo kama zamani, mi siwezi. Anayeaga pale sio Kapteni peke yake.

Ndo maana navipenda hivi vitabu kuliko vitabu vingine vyote nilivyonavyo. Nazungumzia vitabu vya maigizo ya muziki, yale ya jukwaani watu wanaongea wanaimba na kucheza, Broadway na London, pamoja na vitabu vya historia ya filamu, na kwangu ni rafu moja kwa sababu watu ni walewale, leo yuko jukwaani kesho yuko Hollywood keshokutwa karudi jukwaani. Marafiki huwa wananiuliza unapata raha gani kusoma habari za shoo ambayo hujaiona na hutaiona. Mi nasema hiyo ndo sababu yenyewe. Shoo ya jukwaani ikiisha imeisha. Usiku wa tarehe 31 Machi 1943 pale St. James Theatre, New York, ilipofunguliwa Oklahoma!, shoo ya Rodgers na Hammerstein haohao, hakuna namna ya kuurudia, kilichobaki ni santuri, picha kadhaa, karatasi za watunzi na kumbukumbu za waliokuwepo, na mtu akakaa miaka akaziunganisha zikawa kitabu. Kwa hiyo mimi niliyeko Dar na mtu anayeishi hatua chache kutoka Broadway, kwa shoo ile tuko sawasawa, wote tunaingilia mlango wa kitabu.

Na filamu tunazodhani zinakaa milele, nazo hazikai. Mwaka 2013 Library of Congress ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu filamu ndefu za kimya, zile za kabla ya sauti, zilizotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1929. Zilikuwa 10,919. Zilizobaki kamili kwa namna ileile zilivyotoka ni asilimia 14 tu. Mikanda ya zamani ilikuwa ya naitreti, inashika moto kirahisi mno, mwaka 1937 ghala moja la mikanda huko Little Ferry, New Jersey, liliungua likaondoka na filamu nyingi za kimya za Fox kwa siku moja, na mingine studio zenyewe ziliiyeyusha kutoa madini ya fedha yaliyomo kwa sababu nani angetaka kuangalia filamu bubu wakati sauti zimeshakuja. Kuna mastaa walijaza kumbi dunia nzima na leo filamu zao karibu zote hazipo. Anayetaka kujua walifanya nini atasoma, hakuna njia nyingine.

Turudi kwenye Oklahoma! maana hapo ndo pananogea. Hivi vitabu raha yake kubwa kwangu ni kuona kitu kizuri kabla hakijawa kizuri. Sisi tunakutana na nyimbo zimeshakamilika, unadhani zilishuka hivyohivyo, kumbe zimepigwa nyundo. Zamani shoo ya Broadway ilikuwa inapelekwa kwanza miji mingine, New Haven, Boston, Philadelphia, inaonyeshwa kwa watu waliolipa tiketi kabisa, na usiku baada ya shoo watunzi na dairekta wanajifungia hotelini, wimbo huu hauendi toa, sini hii ndefu kata, kesho yake waigizaji wanafundishwa maneno mapya asubuhi wanayaimba jioni. Machi 1943 ile shoo ilifunguliwa New Haven ikiitwa Away We Go!. Kampuni iliyoitengeneza, Theatre Guild, ilikuwa na hali mbaya ya pesa. Hammerstein mwenyewe alikuwa ametoka kwenye miaka mingi ya shoo zinazobuma. Halafu jinsi ilivyoanza ni tofauti na mazoea yote ya wakati ule, maigizo ya muziki yalikuwa yanafungua na kundi la mabinti wanacheza, hii inafungua na mama mtu mzima amekaa peke yake anasukasuka maziwa atoe siagi, na sauti ya mwanaume inasikika kutoka nje ya jukwaa, haonekani, anaimba kuhusu asubuhi nzuri bila hata ala. Habari zikarudi New York kwamba hakuna miguu ya mabinti, hakuna vichekesho, hakuna tumaini. Nani hasa aliyasema hayo vitabu vinabishana mpaka leo, huyu anamtaja prodyuza fulani yule anamtaja sekretari wa mwandishi wa udaku, na ule ubishi wenyewe mi naupenda, unaona historia ya burudani inavyotengenezwa na midomo ya watu.

Walipokuwa kwenye majaribio huko huko njiani ndo wakauchukua wimbo mmoja wa karibu na mwisho, uliokuwa wa mtu mmoja na dansi, wakaufanya wa watu wote, kundi zima limesimama linaimba kwa sauti zilizopangwa linasogea mbele kuelekea watazamaji. Ukumbi ukalipuka. Wimbo ulikuwa unaitwa Oklahoma, na shoo nzima ikapewa jina hilo, ikaongezwa alama ya mshangao. Ikaonyeshwa mara 2,212, mpaka Mei 1948.

Sasa kuna kitu kimoja Hammerstein alikieleza mwenyewe kwenye utangulizi wa kitabu chake cha maneno ya nyimbo cha 1949, hapo ndo nilimkubali moja kwa moja. Ule wimbo wa asubuhi nzuri unasema mahindi yamerefuka mpaka kufika kwenye jicho la tembo. Mwanzoni aliandika jicho la farasi, farasi wa wachunga ng'ombe. Halafu akatoka akaenda kwenye shamba la mahindi la jirani yake, akaangalia, akaona mahindi yamempita farasi mbali sana, akarudi akamtafuta mnyama mrefu zaidi. Mtunzi mkubwa, umri karibu miaka hamsini, anatoka nyumbani kwenda kupima mahindi kwa macho kwa ajili ya neno moja. Yeyote aliyelima mahindi anajua yakibeba yanavyokufunika ukiingia katikati, huoni njia, kwa hiyo mi namwelewa kabisa jamaa kwa nini farasi hakumtosha.

Na baada ya mafanikio yote hayo, mwanzoni mwa 1944, Hammerstein alinunua tangazo kwenye gazeti la Variety. Wenzake wakiweka matangazo wanaorodhesha hiti zao. Yeye akaorodhesha zilizobuma, na wiki kila moja ilizodumu, wiki saba, wiki tano, wiki sita, wiki tatu, halafu chini akaandika kwamba nilishafanya hivi na naweza kufanya tena. Wiki sita, wiki tatu! Huyo ndo mtu nataka kusoma maisha yake.

Kutoka kwa Hammerstein ngazi inaenda kwa Stephen Sondheim, na kama kuna vitabu viwili tu ningebakishiwa kwenye rafu ningechagua vyake, Finishing the Hat wa 2010 na mwenzake Look, I Made a Hat wa 2011. Ni maneno ya nyimbo zake zote karibu maisha mazima, na pembeni anaeleza wapi alipatia, wapi alikosea, nini kilitupwa na kwa nini. Sondheim alikuwa mtoto wa jirani huko Pennsylvania, rafiki wa mtoto wa Hammerstein, wazazi wake wameachana, yuko nyumba ile muda wote. Akiwa na miaka 15 aliandika igizo la muziki la shule akampelekea Hammerstein akamwambia lisome kama vile hunijui. Hammerstein akamwambia ni kitu kibaya kuliko vyote alivyowahi kusoma, halafu akaongeza, sijasema huna kipaji, nimesema ni kibaya, sasa kaa nikueleze kwa nini. Wakapitia mstari kwa mstari, mchana mzima, kuanzia maelekezo ya kwanza ya jukwaani. Sondheim alisema mchana ule alijifunza mengi kuliko watu wengi wanavyojifunza maisha yao yote kuhusu kazi hii.

Na yeye akafanya hivyohivyo kwa waliomfuata. Jonathan Larson, aliyetunga shoo ya Rent, alikuwa anampelekea kazi zake akiwa bado kijana anahudumu kwenye mgahawa, na Larson alifariki Januari 1996 akiwa na miaka 35, siku ileile watazamaji wa kwanza walipokuwa waje kuiona. Lin-Manuel Miranda alipokuwa anaandika shoo ya Hamilton alikuwa anamtumia Sondheim mashairi ayaangalie. Ukivisoma vitabu vyao kwa mfuatano unaona ufundi unavyotoka mkono hadi mkono kwa miaka karibu mia, Hammerstein, Sondheim, Larson, Miranda, hakuna aliyejitokea tu. Kwangu hakuna kitabu cha motivesheni kinachofikia hapo.

Msomaji wa Kiswahili ana faida yake kwenye vitabu vya Sondheim. Sisi tumefundishwa vina na mizani tangu shule, nane kwa nane, kina cha kati kina cha mwisho, tunajua shairi linaweza kupendeza sikioni na bado likawa halina kitu, na tunajua pia mtu anavyolazimisha kina mpaka maana inakufa. Sondheim anabishana na hayohayo. Yeye anataka kina kamili, sio kinachokaribiana, na sababu yake ni ya kazi, mtu aliyekaa ukumbini anasikia mstari mara moja tu, hawezi kurudisha nyuma, kina kikiwa safi sikio linakamata neno, kikiwa cha kubabaisha neno linapita. Kwa lugha yetu ambayo maneno yanaishia irabu vina viko kila kona, wao kwa Kiingereza wanavitafuta kwa tochi, na ukilijua hilo unaanza kusoma kurasa zake kwa heshima nyingine kabisa. Halafu anajikosoa bila huruma. Maneno ya West Side Story ya 1957 ni yake, alikuwa kijana, na ule wimbo Maria anaimba kwamba anajiona mrembo aliuonea aibu maisha yake yote, kwa sababu amemjazia binti wa Puerto Rico aliyefika New York juzijuzi vina vya ndani kwa ndani vya kiufundi kama vile amekulia kwenye sebule za matajiri wa London. Watu duniani wanaupenda, yeye anasema yule binti asingeongea vile. Aliandika toleo jepesi zaidi, wenzake wakalikataa. Kwa maoni yangu yuko sahihi, ingawa nikiusikia nafurahi tu.

Shoo yake ya 1981, Merrily We Roll Along, ilifungwa baada ya maonyesho 16. Kumi na sita. Ikarudi Broadway 2023 ikashinda Tony, tuzo kubwa ya Broadway, ya shoo bora iliyofufuliwa mwaka uliofuata, na yeye alishafariki Novemba 2021.

Haya, sauti. Kwenye The Sound of Music ya filamu, ya 1965, Kapteni ni Christopher Plummer, ila anayeimba sio yeye, ni mtu anaitwa Bill Lee. Na angalia wale masista wanaojadiliana kuhusu Maria wa filamu hii, sio yule wa West Side Story, wafanye naye nini. Mmoja wao, Sista Sophia, ni Marni Nixon. Ukishasoma kitabu cha Marni Nixon cha 2006 ile sini inakuwa kitu kingine, kwa sababu yule mama sauti yake umeshaisikia mara nyingi bila kumwona. Deborah Kerr kwenye The King and I ya 1956 anaimba sauti ya Marni Nixon. Natalie Wood kwenye West Side Story ya 1961, Marni Nixon. Audrey Hepburn kwenye My Fair Lady ya 1964, karibu nyimbo zote, Marni Nixon. Jina lake kwenye filamu hizo halikuandikwa. Kazi yenyewe sio ya kuimba tu, anamchunguza muigizaji anavyopumua, anavyofungua mdomo, lafudhi yake, anaimba kama yule muigizaji angeimba laiti angekuwa na sauti ile. Na Kerr walifanya mazoezi bega kwa bega, na Kerr mwenyewe ndo alikuja kumtaja hadharani, uungwana huo. Kwa Natalie Wood mambo yalikuwa mengine, Wood alirekodi nyimbo zake zote akiamini sauti yake ndo itatumika, hakuna aliyemwambia ukweli mpaka mwisho, halafu Marni Nixon akatakiwa kuimba upya akifuata midomo ya mwenzake ambayo imeshapigwa picha, pale anapochelewa na yeye achelewe. Leonard Bernstein, mtunzi wa muziki wa West Side Story, akamkatia robo ya asilimia moja kutoka kwenye mgao wake mwenyewe. Robo ya asilimia, ila ni yeye pekee aliyeona kwamba huyu mtu kafanya kazi.

Na kuna Singin' in the Rain ya 1952, filamu inayohusu staa wa filamu za kimya mwenye sauti mbaya, akawekewa binti wa kumwimbia na kumwongelea nyuma ya pazia. Debbie Reynolds ndo binti. Sasa historia inakwambia kwenye wimbo mmoja ambao tunaonyeshwa Reynolds akimwimbia staa, anayesikika ni mwimbaji mwingine kabisa, Betty Noyes, na pale Reynolds anapomwongelea staa, sauti inayosikika ni ya Jean Hagen, yuleyule anayeigiza staa mwenye sauti mbaya! Sauti yake halisi ilikuwa nzuri kuliko ya aliyeletwa kumsaidia. Hii nimewasimulia watu wengi na kila mara nasimulia kwa furaha ileile.

Kwa watu wa pwani hii habari ya mtu kuimba na mwingine kutingisha mdomo haishangazi hata kidogo, tumelelewa na filamu za Kihindi. Wazee wetu walijua kabisa Raj Kapoor akifungua mdomo kwenye Awara ya 1951 anayeimba ni Mukesh. Ila hata India haikuwa hivyo mwanzoni, Lata Mangeshkar alipoimba ule wimbo maarufu wa Mahal ya 1949 santuri ilitoka na jina la mhusika wa filamu, Kamini, sio jina lake, mpaka wasikilizaji wa redio wakadai kujua ni nani. Baada ya hapo waimbaji wa nyuma ya pazia kule wakawa mastaa kamili, majina makubwa kama ya waigizaji wenyewe, na Hollywood ikaendelea kuwaficha wa kwake. Tofauti hiyo mi naiona ni jambo kubwa. Huku watazamaji waliambiwa ukweli na hawakuacha kulia wala kucheka, na nyimbo zikavuka bahari zikaingia kwenye taarab ya Mombasa, Juma Bhalo na wenzake waliweka mashairi ya Kiswahili juu ya tuni za Kihindi, zinapigwa harusini mpaka kesho. Hollywood ilikuwa inaogopa nini?

Kitabu kinachohusu upande wetu na ambacho nakisifia kwa kila mtu ni cha Laura Fair, Reel Pleasures, kilitoka 2018, historia ya kumbi za sinema za mijini Tanzania. Sio historia ya filamu zenyewe tu, ni ya waliokwenda kuangalia na waliofungua kumbi. Utakutana na Jariwalla aliyeanzisha biashara ya sinema Zanzibar, na Royal iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaja kuungua, pakajengwa Majestic pale Vuga katikati ya miaka ya 1950. Utakutana na Jumapili, familia nzima imevaa, tiketi zimeisha, walanguzi wako nje wanauza kwa bei yao. Nakala ya filamu ni moja na kumbi ni mbili, basi ukumbi wa kwanza ukimaliza roli ya kwanza kijana anaipakia kwenye baiskeli anakimbiza ukumbi wa pili ambako watu wameshakaa wanasubiri, anarudi kuchukua roli inayofuata, hivyo hivyo mpaka filamu iishe. Mi nawaza huyo kijana, jasho linamtoka, Awara iko nyuma ya baiskeli. Na ile Drive-In ya Dar iliyofunguliwa 1966, mnaingia na gari mnaangalia mkiwa ndani, siku hizi eneo lile ni ubalozi wa Marekani, ila wakongwe wa jiji ukiwaambia Drive-In wanajua ni wapi.

Sasa nimalizie na mtu mmoja ambaye anaunganisha rafu yangu nzima, Paul Robeson, mwimbaji na muigizaji mweusi wa Marekani. Hammerstein huyohuyo, 1927, na Jerome Kern, walitoa Show Boat, ya kwanza kubwa ya Broadway kuleta jukwaani ubaguzi wa rangi na ndoa ya mweupe na mweusi kama jambo zito na sio mzaha. Wimbo wa Ol' Man River waliuandika Robeson akiwa kichwani mwao. Aliuimba London 1928, akauimba kwenye filamu ya 1936, na baadaye kwenye matamasha yake akawa anaubadilisha maneno. Pale mhusika anaposema amechoka kuishi na anaogopa kufa, Robeson akaweka lazima niendelee kupambana mpaka nife. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Baba yake Robeson alizaliwa mtumwa akatoroka, kwa hiyo unaelewa kwa nini maneno yale hayakumkaa mdomoni.

Miaka ya 1930 akiwa London Robeson akaenda kusoma lugha za Afrika chuoni, chuo ambacho leo ni SOAS, na Kiswahili kikiwa mojawapo. Kwenye kitabu chake cha 1958, Here I Stand, anasema Afrika aliigundua London. Na palepale London, 1935, ikatoka filamu yake ya Sanders of the River, ya kumsifia ofisa wa kikoloni, na kati ya Waafrika walioigiza kama machifu pembeni, kwa malipo ya siku, kuna mwanafunzi mmoja kutoka Kenya anaitwa Jomo Kenyatta. Naam, huyohuyo. Robeson alikuja kuikataa hadharani ile filamu, akasema ile sura ya kuutukuza ukoloni iliingizwa wakati wa kuhariri, baada ya wao kumaliza kazi yao. Hiyo ndo sababu nyingine ya kusoma, filamu yenyewe haiwezi kukwambia nini kilitokea mezani kwa mhariri, wala haikwambii yule chifu wa kimya miaka 28 baadaye ataiongoza Kenya kwenye uhuru.

Watu wananiuliza navipata wapi. Vipya ni ghali, kwa hiyo vingi nimeviokota kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, ukiwa na subira unapekua vitabu vya sheria na vya uhasibu chini yake kinatokea cha Hollywood ambacho hakuna mtu anakitaka, na vingine naazima maktaba za mtandaoni, zipo zinazoazimisha bure kwa muda. Soma simu ikiwa pembeni, kila wimbo ukitajwa usikilize kabla hujaendelea na ukurasa, usiahirishe.

Wa kuanza naye, Julie Andrews, yule Maria wa filamu ya The Sound of Music, kitabu cha 2008 kinachoitwa Home. Kiingereza chake chepesi, na kina ile habari ya mazoezi ya My Fair Lady ya 1956, ana miaka 20, anashindwa kabisa kumpata Eliza, mhusika wake, mpaka dairekta Moss Hart akawapa wengine wote mapumziko akajifungia naye ukumbini wikiendi nzima, anamkemea, anambembeleza, anamwonyesha mwenyewe jinsi ya kushika pochi, mstari kwa mstari kama Hammerstein na yule mtoto wa miaka 15, na Jumatatu Eliza akawepo. Halafu filamu ilipotengenezwa wakampa Hepburn nafasi hiyo kwa sababu bosi wa studio, Jack Warner, alitaka jina kubwa. Walt Disney alikuwa ameshamwona Andrews kwenye shoo nyingine, akamwambia njoo kwangu, Andrews akasema nina mimba, Disney akamwambia tutasubiri. Kitabu kinaishia pale anapoondoka na mume na mtoto mchanga kwenda Hollywood kwa ajili ya Mary Poppins, Oscar bado hata haijanukia, kwa hiyo cha pili, Home Work wa 2019, kitafute kabla hujamaliza cha kwanza.